Mkurugenzi Mwenye Plasta

Ndani ya basi la mjini Cork, Ireland, Attracta alimsikia kijana mwenye plasta mkononi akimsimulia mzee wa kiti cha pili jinsi alivyoanguka kazini. "Si umdai bosi fidia?" mzee aliuliza. "Sina bosi, mzee wangu. Aliyenipa kazi alinisainisha mkataba, nikawa kampuni. Mimi ni mkurugenzi." "Na saa za kazi anapanga nani?" "Yeye." "Malipo?" "Yeye. Likizo tu ndiyo najipa mwenyewe, bila malipo." "Hongera, mkurugenzi! Basi jishitaki."

Abiria walicheka. Attracta hakucheka, maana mwanawe Donal alikuwa akisaini mkataba wa cheo hichohicho asubuhi ile, na yeye mama mtu alishawatangazia majirani. Akampigia simu. Basi liliposimama, Donal akapokea: "Mama, nitakupigia baadaye. Mkurugenzi niko juu ya paa."