Bwana Taratibu, Tabibu wa Mgongo Aliyeogopa Picha Yake

Wengi wenu mlioketi hapa mlimfahamu marehemu mkiwa mmelala kifudifudi, uso umezama kwenye tundu la kitanda chake cha kazi, mkisikia tu sauti juu ya mabega yenu ikisema, "Taratibu." Ndiyo maana mlimwita Bwana Taratibu, na familia haikuwahi kulikataa jina hilo. Leo amelala yeye, na sisi ndio tunaosema juu yake. Tutasema kweli tupu, kwa sababu tangu msiba utangazwe yapo maneno yanayozunguka kwamba taa yake ndiyo iliyomuua, na kwamba aliyeishika taa hiyo ni binti yake. Maneno hayo yamefika mpaka jikoni kwetu, yakamkuta binti mwenyewe akiosha vikombe. Binti huyo ni tabibu kama baba yake, na tangu baba yake alipolazwa hajagusa mgongo wa mgonjwa yeyote wa kliniki.

Marehemu alizaliwa tarehe 4 Machi 1958, mtoto wa kwanza wa fundi baiskeli na mkunga wa zahanati. Alikulia katika karakana ya baba yake, iliyonukia grisi na gundi ya kuzibia mipira. Baba yake alimfundisha kunyoosha ringi iliyopinda: unaizungusha, unafumba macho, unaacha vidole vikuambie ni spoki ipi imelegea. Akiwa bado shule ya msingi aliamini mikono hiyo inaweza kunyoosha kitu chochote. Siku moja mdogo wake, ambaye ndiye anayewasomea wasifu huu, alianguka akicheza mpira, kiwiko kikateguka. Kaka mtu akafumba macho kama baba yake, akavuta. Ukelele ule ulimtoa mama yao zahanati bila viatu. Mkono wa mdogo mtu haujanyooka sawasawa hadi leo, kama mnavyouona ulivyoishika karatasi hii. Kwa miaka mingi amekuwa akimtania kaka yake, "Mtihani wako wa kwanza uliufanyia kwangu, na ulifeli." Marehemu alicheka kila mara, lakini mkewe aliona kwamba kicheko kilipokwisha alikunja vidole na kuvificha chini ya meza. Hofu iliingia mikononi mwake siku ile, ikafanya makao.

Alisoma shule ya msingi na sekondari katika mji aliozaliwa, akajiunga na chuo cha tiba ya viungo mwaka 1979 na kuhitimu mwaka 1982. Baada ya miaka minne ya kazi hospitalini alipata nafasi ya kusomea nje tiba ya uti wa mgongo kwa mikono, na akahitimu shahada yake mwaka 1990. Darasani kwao alikuwa wa mwisho kukubali kunyoosha shingo ya mtu. Mkufunzi wake alimwambia, "Unaigusa shingo kana kwamba ni yai." Akajibu, "Mwalimu, yai ningethubutu."

Alikutana na mkewe, mwalimu wa biolojia, mwaka 1991, mwalimu huyo alipokwenda kutibiwa kwake na shingo iliyokakamaa kwa kusahihisha mitihani. Marehemu alimuuliza kuhusu usingizi wake, mto wake, kiti chake, anaubeba mkoba kwa bega lipi, mpaka mwalimu akamwambia, "Bwana, unanitibu au unanichumbia?" Akasema bado anachunguza. Uchunguzi ulikamilika kwa ndoa tarehe 12 Desemba 1992, na Mungu akawajalia binti mmoja na mtoto wa kiume mmoja.

Tarehe 2 Februari 1996 alifungua kliniki yake, vyumba viwili juu ya duka la nyaya na balbu, ng'ambo ya uwanja wa michezo. Waliopanda ngazi zile walikuwa wakimbiaji, wanamasumbwi, wachezaji mpira, na wazee waliocheza mpira zamani na bado wakiulipia. Mwaka 2006 alinunua mashine ya leza baridi, ndiyo hiyo taa inayosemwa, kifaa cha kushika mkononi mfano wa tochi, chenye mwanga mwekundu usiochoma wala kuipasha ngozi joto. Alieleza kwamba mwanga ule hutuliza msuli na uvimbe, ili mikono ifanye kazi bila kushindana na mwili. Kwanza mwanga, kisha mikono, kisha mazoezi, kisha mapumziko. Na hilo la mwisho ndilo wanamichezo walilolichukia. Kocha wa timu ya jirani alipoona miwani ya kijani ya kukinga macho kwa mara ya kwanza alirudi kinyumenyume hadi mlangoni.

"Daktari, hiyo mionzi haitanikatia kizazi?"

"Kocha, una watoto saba. Kizazi kimeshamaliza kazi yake. Lala."

Kocha akalala, na akawa mpiga debe wake mkubwa mpaka leo.

Haikuwa heri siku zote. Mwaka 2011 alimtibu mkimbiaji wa mita mia nne aliyeumia kano ya kisigino. Mwanga na mikono vilimtuliza haraka, akaanza kutembea akiringa. Marehemu alimwonya, "Maumivu yamelala tu, kano haijapona. Usikimbie." Dada yule alikimbia, kwa kuwa siku ile wachaguzi wa timu walikuwepo, na kano ikakatika mbele ya jukwaa. Marehemu alikuwa dirishani kwake na alimwona akianguka. Kufikia jioni mtaa mzima ulikuwa ukisema mionzi imemkata mshipa. Mkewe alimkuta ameketi juu ya kitanda cha wagonjwa, mashine mapajani, viganja vimelowa jasho. "Nimemnyamazishia kitu kilichokuwa kinamlinda," alisema. Hakula siku ile wala iliyofuata. Mkimbiaji mwenyewe ndiye aliyemwokoa: alikuja na magongo yake, akapanda zile ngazi mbele za watu, akaketi kusubiri zamu. Alipoulizwa kama haogopi, alijibu, "Aliniambia nisikimbie. Nilikimbia. Sasa mnataka niende kwa nani?"

Tangu hapo marehemu alijiwekea sheria, na alimfundisha binti yake alipojiunga naye kliniki mwaka 2018. Mtu ambaye maumivu yake hayajulikani yanatoka wapi, hasa yale yasiyopungua hata akilala, hanyooshwi wala hamulikwi mpaka apigwe picha hospitalini. Wengi walinung'unika. Wapo waliomwita mwoga. Mkewe aliwahi kuwasikia wakisema hivyo ngazini na akataka kuwajibu, marehemu akamshika mkono na kumwambia, "Waache. Wamepatia."

Mwezi Septemba mwaka jana mgongo wake mwenyewe ulianza kumuuma, katikati, kwa ndani. Ulimuuma akisimama na ulimuuma akilala. Kila mtu nyumbani aliijua sheria, na kila mtu alimtazama yeye.

"Nenda kapigwe picha," mkewe alimwambia.

"Nimeinama sana wiki hii."

"Wewe huinami. Kitanda chako ulikipandishia miguu ili usiiname."

"Basi nimesimama sana."

Kliniki, baada ya mgonjwa wa mwisho kuondoka, alivua shati na kulala kifudifudi mahali walipolala wengine, akamwambia binti yake, "Mulika tu, usiguse."

"Baba, wewe mwenyewe ulisema mtu wa namna hii hamulikwi."

"Nilisema wagonjwa. Mimi ni mkuu wako wa kazi. Vaa miwani."

Binti alivaa miwani, akamulika. Ni mtoto aliyelelewa kumtii baba yake, na kama hilo ni kosa, basi limefanyika katika nyumba nyingi za watu wenye adabu. Maumivu yalitulia kiasi. Marehemu alirudi kutembea akipiga mluzi, akarudi kutaniana na kocha. Miezi ile ndiyo iliyokuwa na hofu kuliko yote katika nyumba yetu. Alionekana mzima, na hakuna aliyeamini. Alipochelewa bafuni, mtu alikwenda kusimama mlangoni. Alipokohoa mezani, vijiko vyote vilisimama. Mkewe alisikiliza nyayo zake ngazini kila jioni kama mtu anayesikiliza hodi ya askari, na hakuna aliyetamka neno, kwa sababu kulitamka kungekuwa ni kulikaribisha.

Tarehe 19 Februari mwaka huu miguu ilimwishia nguvu kwenye ngazi za kliniki yake. Kocha na kijana wa duka la balbu ndio waliomshusha. Picha ilionyesha kwamba saratani iliyoanzia kwenye figo ilikuwa imekula pingili moja ya mgongo na kuanza nyingine. Binti alimuuliza daktari wa hospitali swali moja tu, akiwa ameushika ukuta: kama ni ile taa. Daktari alimjibu mbele ya familia yote, naye ameturuhusu kuyasoma maneno yake hapa: "Ugonjwa huu ulikuwepo kabla ya taa. Taa haikuuleta. Haikutakiwa kuwekwa juu yake, na yeye alilijua hilo kuliko wewe. Kilichotuumiza ni kuchelewa."

Mkewe alimuuliza kwa nini alichelewa, yeye aliyewapeleka wengine kupigwa picha kwa lazima. Marehemu akajibu, "Vidole vyangu viliniambia siku ya kwanza, nikijisugua mgongo. Niliogopa kuambiwa na mtu mwingine."

Haya yote yamesomwa kwa agizo lake. Mkewe hakutaka. Aliona heshima ya nyumba yake inalindwa kwa kufunga mlango na kunyamaza, kama alivyofundishwa. Marehemu alimwambia, "Ukinyamaza, lawama watamwachia mtoto." Basi tunasema wazi ili kila mwenye masikio aondoke nalo: aliyeamua asipigwe picha ni yeye, kwa akili zake timamu, kwa sababu aliogopa. Binti yetu alitii. Asiulizwe tena na mtu yeyote, iwe barabarani, iwe kwenye ibada, iwe katika nyumba hii.

Siku chache kabla hajafariki, mchana, marehemu aliomba ageuzwe ubavu na watu watoke isipokuwa mkewe na binti yake. Akamwambia binti, "Weka mkono."

"Baba, naogopa."

"Hata mimi. Weka tu."

Aliuweka. Mkono ukashuka pingili kwa pingili kama alivyofundishwa, ukasimama.

"Hapa sisukumi," alisema.

"Ungefanya nini?"

"Ningempeleka akapigwe picha."

"Na akikataa?"

"Ningekaa mlangoni mpaka aende."

"Hata akikuambia yeye ni mkuu wako wa kazi?"

"Hata akinifukuza kazi, baba."

Marehemu alicheka mpaka kicheko kikageuka kikohozi, na mkewe akamfuta mdomo. Alipopata pumzi alisema, "Huyu anaweza kufungua kliniki." Hakusema tena juu ya kazi baada ya hapo. Usiku aliomba taa ya chumba isizimwe, na haikuzimwa. Alifariki dunia alfajiri ya tarehe 9 Juni, mkewe akiwa amemshika mkono wa kulia na binti yake wa kushoto. Mikono ile haikuwa imekunjwa.

Marehemu ameacha mjane, mwalimu mstaafu. Mtoto wa kiume, mhandisi, na mkewe. Wajukuu wawili waliomjua kama babu wa miwani ya kijani. Mdogo wake aliyesimama mbele yenu. Na binti yake, tabibu wa uti wa mgongo, ambaye amekubali kufungua mlango wa kliniki Jumatatu ijayo. Mgonjwa wake wa kwanza ameshajiandikisha: ni mkimbiaji yule wa kano, ambaye leo ni mama na goti linamsumbua. Binti atamshika akiwa anaogopa. Wengine mtakaomfuata, tunawaomba msimwambie asiogope.

Mola ampokee mja wake, ampumzishe mahali ambapo mwili hauumi na moyo hauogopi kuambiwa neno.