Wakili Regina Nowicki na Samaki wa Walter Banas

Ijumaa hii, Machi 28, Wakili Regina Nowicki anastaafu baada ya kuitumikia ofisi ya Tolliver na Wenzake, hapa Buffalo, kwa miaka thelathini na sita. Watu husema anayekaribia kustaafu hupunguza mwendo. Regina habari hizo hazijamfikia. Wiki nzima amekuwa akirandaranda koridoni na kikombe cha kahawa iliyopoa, akifungua makabati ambayo tayari ni matupu na kuitazama simu kama inayomdai. Mimi ninayekaa meza ya mbele, ya kupokea wageni, nimemsihi akae. Jibu lake ni lile lile: "Nitakaa Jumatatu, Loretta."

Ni mtoto wa mwoka mikate wa upande wa mashariki wa mji huu. Alianza kazi akiwa mwendesha mashtaka wa serikali kuu, akawapeleka watu jela kwa miaka kadhaa, kisha akahamia upande wa pili wa chumba cha mahakama. Sababu hakuwahi kutueleza vizuri. Alisema tu kwamba upande ule viti vilikuwa laini mno. Tangu hapo amewatetea madiwani, wenye baa na mafundi, wengi wao wakishtakiwa kwa kudai fedha au kazi kwa vitisho, kosa ambalo mahakama ya shirikisho inaweza kumfungia mtu miaka ishirini.

Alikuwa na desturi iliyomfanya mzee Tolliver ashike kichwa. Mteja akija kwa mara ya kwanza, Regina hakukubali kumchukua siku ile. Alimwonya asizungumze na wapelelezi hata habari za hali ya hewa, kisha akamtuma kwa mawakili wengine wawili. "Waulize wamesimama mahakama ya shirikisho mara ngapi," alikuwa akimwambia. "Waulize nani atawalipa, na wakilipwa na mwingine, watamlinda nani. Anayekuahidi ushindi, chukua kofia yako uondoke." Wengi walikwenda na hawakurudi. Ofisi ilipoteza wateja wazuri kwa njia hiyo, na mzee Tolliver alilalamika mpaka anastaafu yeye.

Walter Banas alirudi. Walter alikuwa kiongozi wa chama cha mafundi wa paa, jitu la mabega mapana na sauti ya kuitia watu walio juu ya ghorofa. Majira ya baridi kumi na moja yaliyopita alisimama kwenye jengo la mkandarasi Stan Kubiak, aliyekuwa amewaacha mafundi wa chama, akamwambia mbele za watu, "Usipowachukua vijana wangu, jengo lako halitaona paa." Baada ya majuma machache wapelelezi wa serikali kuu wakabisha hodi nyumbani kwake. Walter, kwa kuwa amelelewa vizuri, aliwakaribisha jikoni, akawakatia keki ya mkewe, akawaeleza kila kitu kwa saa nzima. Regina aliposikia habari ya keki alitoka chumbani, akazunguka koridoni mara mbili, ndipo akarudi.

Akamtuma kwa wawili kama kawaida yake. Wa kwanza alimwahidi kwamba kesi itafutwa kabla ya majani kuchipua. Wa pili alilipwa na chama, na maswali yake yote yalikuwa ya kukilinda chama. Walter aliporudi alisimama mbele ya meza yangu, kofia mkononi. "Mama, wale wawili wamenituliza," alimwambia Regina. "Wewe umeninyima usingizi. Nadhani ndiwe ninayekuhitaji."

Walter akakamatwa na kushtakiwa. Hakimu alimwachia kwa dhamana, kwa sharti moja: asizungumze na Stan Kubiak, ana kwa ana wala kwa kumtuma mtu. Sharti rahisi, ungesema. Lakini Kwaresima ilikuwa imeingia, na kila Ijumaa ya Kwaresima parokia yao huuza samaki wa kukaanga. Walter ndiye aliyekuwa akikaanga tangu ujana wake. Na aliyesimama karibu naye miaka yote hiyo, akipakua kabeji, alikuwa Stan. Walibatizwa kanisa moja, wakasimamiana harusi.

"Nisipokaanga, mtaa mzima utasema nimekiri," Walter alilia. "Hebu niende tu, Wakili. Nimpe mkono, nimwambie yaishe. Stan namjua mimi!"

"Ukimwambia yaishe, serikali itasema umemtisha shahidi," Regina akamjibu. "Utalala ndani siku hiyo hiyo, na samaki atakaangwa na mtu mwingine mpaka uzeeke."

Basi akamwambia aje akaangie hapa ofisini. Nadhani alisema kwa mzaha, ila Walter hakuwa mtu wa mzaha siku zile. Kila Ijumaa alikuja na karai, unga na bia ya kuchanganyia, akatukaangia sote katika lile jiko letu dogo lisilotosha watu wawili. King'ora cha moto kililia. Zimamoto walikuja, wakala, wakaja tena juma lililofuata bila kuitwa. Jalada la kesi lilinuka samaki hata karani wa mahakama akauliza kulikoni.

Ijumaa Kuu, Walter hakutokea. Regina alikwenda dirishani, akarudi, akaenda tena. Halafu akatoka bila koti, theluji inaanguka, nami nikamfuata na funguo za gari maana kwa hali ile asingefika salama. Tulimkuta Walter kwenye maegesho ya parokia, aproni imeshafungwa kiunoni, anaelekea mlango wa jikoni. Kupitia kioo tulimwona Stan akipakua kabeji.

Regina alijiweka kati ya Walter na mlango. Kimo chake kilimfikia kifuani.

"Nipishe, mama."

"Sikupishi."

"Ni rafiki yangu yule! Wewe unajua nini?"

"Najua ni rafiki yako. Ndiyo maana inaniuma. Lakini mkono huo utakugharimu miaka, Walter, na mkeo atakula samaki peke yake. Nimekukataza, na nitasimama hapa mpaka wafunge."

Akasimama kweli, meno yakigongana. Walter akavua aproni, akamfunika nayo mabegani. Tukakaa watatu ndani ya gari langu mpaka taa za ukumbi zikazimwa.

Mahakamani Regina alimuuliza Stan kama mshtakiwa aliwahi kumfuata baada ya kukamatwa. "Hapana," Stan akasema. "Kila Ijumaa nilimtazamia mlangoni. Hakuja hata siku moja." Kuhusu siku ile jengoni, alikiri kwamba Walter humfokea hivyo kila mtu, hata padri. Jopo la raia lililosikiliza kesi likamwona Walter hana hatia. Mkewe Walter alimkumbatia Regina hadi miwani ikaanguka.

Hapo ndipo wasifu wa kawaida ungeishia, tukapiga makofi. Lakini Stan alijua tu kwamba rafiki yake hakuja. Sharti la hakimu lilikwisha, kinyongo hakikukwisha. Walter alikuwa ameona haya, Stan alikuwa ameumia, na kila mmoja akamsubiri mwenzake aanze. Stan alihamia meza ya kukusanya tiketi, mbali na jiko. Kila Kwaresima, Jumatatu asubuhi, kabla hajavua koti, Regina alinijia mezani na swali moja: "Wamesalimiana?" Na mimi, ninayesali parokia ile ile, nilimjibu, "Bado." Akaenda zake koridoni. Ameshinda kesi nyingi kubwa kuliko ile. Hiyo ndiyo haijamwachia usingizi, na ninaiandika hapa kwa sababu nampenda.

Alipoulizwa anataka kuagwa hotelini au wapi, alisema ukumbi wa parokia, Ijumaa, samaki. Walter amekubali kukaanga. Stan, niliyemfuata mwenyewe, alinung'unika kuhusu mgongo wake, kisha akauliza nani anapakua kabeji. Nikamwambia hakuna. "Basi nitaona," akasema.

Asante, Regina, kwa kila mtu aliyelala kitandani kwake kwa sababu wewe hukulala. Tunakuombea afya, safari ndefu kwa dada yako Arizona, na kahawa unayoinywa ikiwa moto. Ninyi mlioshika karatasi hii huku sahani zikipoa, msimtazame yeye, atajifanya anakula. Tazameni dirisha la jikoni.

Nawe kaa chini, Wakili. Wakisalimiana, nitakuambia.

Loretta Fenn, meza ya mbele