Mahindi Aliyoyakataa Mutanu

Mwaka wa 2004, katika basi la kutoka Kithyoko kwenda Machakos, niliketi nyuma ya mama aliyekuwa akienda kumwona mwanawe hospitalini. Mwanamume aliyeketi kando yake alimuuliza mtoto ana shida gani.

“Ni maini,” mama akasema. “Tulikula mahindi yameota ukungu. Dada yake, Mutanu, wa darasa la nne, alituambia hiyo ni sumu. Ati wamefunzwa kwa sayansi. Nikamwambia kama hataki alale njaa, na akalala. Huyu mdogo akakula.”

Mwanamume akakiri kwamba yeye hufundisha sayansi huko Yatta. “Mama, huyo msichana alisema ukweli.”

“Mwalimu, niliosha hayo mahindi mara tatu, nikachemsha tangu asubuhi. Hatukuwa na mengine. Ningepika nini?”

“Kitabu kinasema yatupwe,” akajibu, kwa sauti ya mtu ambaye hajawahi kukipenda kitabu hicho.

“Basi mngemfunza pia tutakula nini baada ya kutupa.”

Mwalimu akauliza Mutanu anaendeleaje.

“Hali chakula vizuri. Anafikiri ni makosa yake. Anasema angeniambia kwa nguvu zaidi, ningemsikia.”

“Na ungemsikia?”

Kondakta aligonga mlango, akaita wa kushuka hospitali. Mama alichukua kikapu chake, akashuka.