Baruti Yenye Haitoki Moshi

Tshiela, binti yangu, funga mulango. Batoto bangu, ikaleni munisikie muzuri, juu pumuzi yangu iko inaisha lakini hasira yangu haiishi, na mi sitaki kwenda nayo mu kaburi.

Ile bunduki yangu ya trente-trente, yenye muzungu wa mugodi aliniachia wakati alirudi kwabo, munaijua: unavuta kile chuma cha chini na mukono, risasi ingine inapanda. Kazadi na Kabeya, niliwafundisha bote babili mu pori nyuma ya Mutoshi. Niliwaambia risasi yake ni kidogo lakini iko mukali, juu baruti yake haiko ile nyeusi, inaishinda nguvu. Haitoki moshi, unapiga na unaona nyama palepale inaanguka. Kazadi, ulisikia na masikio yako.

Kisha baruti nyeusi ikaisha, na weye, mukubwa wa batoto, ukafungua risasi zangu na koleo, ukamwanga ule unga mu pupu ya mudogo wako, ile bunduki ya kujazia ku mudomo, yenye bafundi banatengeneza na bomba ya mayi. Ukaupima vidole vine, sawa unapima ule mweusi. Bomba ikapasuka mu uso wa Kabeya, tukamuzika na sanduku ya kufunga. Nilikuta maganda ya risasi chini ya kitanda chako, nikakuuliza, ukanijibu: "Tata, baruti ni baruti."

Nilikuambia uende kusema mbele ya jamaa. Haukuenda. Na wakati mi nilikuwa nalala ku hospitali, mulikutana, mukasema Bilonda, bibi ya Kabeya, ni mulozi, alikula bwana yake, mukamufukuza na batoto, mukafunga kufuli ku nyumba ya kule Dilala yenye Kabeya alijenga na mikono yake. Hamuna haya? Na Kazadi alikuwa pale, ameketi ku kiti cha mbele, anaitika na kichwa! Mi nilikuzaa, na siku ile nilikuchukia.

Sasa sikieni. Kufuli itoke leo. Nyumba ni ya Bilonda na batoto bake, muntu asiwaguse. Ile bunduki muivunje, risasi zenye zimebaki muzitupe mu Lualaba.

Tshiela, leta mayi mu kikombe, uniinue kichwa. Bilonda, mama, songea na batoto ba Kabeya, nibamwangie mayi ya baraka ku kichwa. Mungu abachunge, mukomae, mukule bintu bya mikono yenu… ngoja… nipumuzike kiloko. Weye pia, Tshiela, ubarikiwe.

Kazadi, usinyooshe kichwa. Mayi yako ya baraka iko mu kikombe, sikukunyima. Lakini Bilonda njo huyu, bamemuita mulozi ku soko, ku kanisa, mbele ya batoto bake, na weye peke yako unajua kwa nini bwana yake alikufa. Mwambie. Sitaki muntu anililie kabla haujasema.

Sema, mutoto wangu. Mi ningali nasikia.