Barua 148 za Bwana Chujio

"Nifungeni macho, mnipe glasi kumi. Nitawaambia kwa kunusa tu ipi imetiwa klorini kabla ya kuchujwa." Hivyo ndivyo marehemu alivyotamba mbele ya wafanyakazi wote wa kituo cha maji, tarehe 12 Agosti 2003. Alipata tisa. Ya kumi alisema ni jasho la meneja.

Marehemu, tuliyezoea kumwita Bwana Chujio, alizaliwa tarehe 9 Machi 1961, mtoto wa tatu wa mfua bati. Alimaliza shule ya msingi mwaka 1975 na kupata cheti cha ufundi wa maji mwaka 1981.

Alianza kazi kituoni Januari 1982, akastaafu Desemba 2015. Klorini aliitetea kufa na kupona. Bila hiyo, alisema, kipindupindu kingetufagia kwa wiki moja. Ugomvi wake ulikuwa kuitia kwenye maji yenye majani yaliyooza, hayajachujwa, maana humo huzaliwa kemikali ambazo zikinywewa miaka mingi huhusishwa na saratani ya kibofu. Hizo pua haizinusi. Alipoomba zipimwe, meneja alicheka: "Mzee, pua yako si ipo? Kipimo cha nini?"

Aliijutia tambo yake. Kuanzia Septemba 2003 hadi alipostaafu, kila mwezi alimpelekea meneja barua ileile: "Pua yangu haijui. Pimeni." Zilifika mia moja na arobaini na nane.

Mwaka 1987 alimwoa fundi cherehani aliyefika kituoni kulalamika kwamba maji yanachujua vitambaa vyake. "Dada, kitambaa chako ndicho feki," alimjibu. Walibishana hilo miaka thelathini na sita.

Februari 2021 aligundulika ana saratani ya kibofu. Jirani alipoanza kusema maji ndiyo yamemponza, mzee akamkata kalima: "Na sigara za ujanani nimsingizie nani? Mimi sijui, wewe hujui. Ndiyo maana nataka wapime."

Alifariki Jumatano, tarehe 14 Juni 2023, saa nne asubuhi.

Ameacha mjane, mabinti wawili, mjukuu mmoja na barua zisizojibiwa. Leo asubuhi mjane amejaza chupa kwenye bomba la jikoni kwake na kuilaza kwenye barafu. Kesho inakwenda maabara, na majibu yatabandikwa kwenye lango la kituo. Meneja akiyabandua, tutabandika mengine.

Mzee apumzike kwa amani. Wenye bomba majumbani wasipumzike.

Kupima sampuli moja ni shilingi elfu sitini na tano, kwa atakayejaza chupa yake.