Kumuaga Mkurugenzi wa Barabara Safi

Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya, Ndugu Mkurugenzi unayetuaga, Ndugu Mkurugenzi mpya, wazee wa kijiji chetu cha Kök-Bel, wageni waalikwa, na nyinyi jamaa mliowahi viti vya karibu na nyama, salamu kwenu nyote.

Mimi ni Zuurakan, mfugaji wa farasi. Kampuni imeniomba, kwa niaba ya wafugaji, nimsifu Ndugu Tilebaldi, anayeuacha mgodi wetu na kwenda kula pensheni mji mkuu, Bishkek. Nami nitamsifu, tena kwa kinywa kipana.

Ni nani hapa asiyejua usafi wa mtu huyu? Theluji ianguke itakavyo, asubuhi barabara ya mgodi inang'aa kama sinia lililooshwa. Na theluji ile, pamoja na chumvi ya kuyeyushia barafu, mafuta ya malori na vumbi la miamba, ilikwenda wapi? Hakutaka kumchosha dereva wa tingatinga, maskini. Aliisukumia Sary-Bulak, chemchemi tunayonyweshea farasi.

Sasa, farasi wetu mnawajua. Tangu wakiwa wadogo tunawalambisha chumvi viganjani, ili tukiwaita waje. Majike wenye mimba wakalifuata lundo lile jeusi, wakalilamba mpaka wakakinai.

Nikaenda ofisini kwake. "Ndugu yangu, liondoe lile lundo, farasi wanaharibu mimba!"

"Mama, theluji ni maji tu," akanijibu huku akikoroga chai. "Jua likiwaka itayeyuka yenyewe."

"Itayeyukia wapi, kama si kwenye maji yetu?"

"Haya basi, tutaweka kibao."

Na kweli akaweka! Mtu wa ahadi huyu. Kibao kizuri, herufi nyekundu: MAJI HAYA HAYAFAI KUNYWA. Farasi wakakitumia kujikunia mgongo. Tuwalaumu? Hatukuwapeleka shule.

Mgeni mmoja ameniuliza hapa, mbona leo mnaagana kwa soda, kumis iko wapi? Mgeni wangu, kumis ni maziwa ya farasi yaliyochachushwa, na jike asiye na mtoto ubavuni hakubali kukamuliwa. Kwa jirani yangu Jumagazi, yule pale nyuma, mwaka huu hakuzaliwa hata mtoto mmoja wa farasi. Anasema yakitokea tena atauza farasi wote, ahamie kwa mwanawe mjini. Jumagazi, mjini! Hilo linaniuma, na sitalifunika kwa tabasamu.

Ndugu Mkurugenzi mpya, nusu ya lundo bado imeganda kule kivulini. Malori unayo, na barabara umeachiwa safi. Lizoe wiki hii, ulipeleke mbali na maji, na theluji ijayo isimwagwe kwetu. Kibao tunacho tayari.

Ratiba inasema sasa nimpe Ndugu Tilebaldi baraka ya safari. Kwetu mtu haondoki kabla mzee hajainua viganja na kumwombea. Hata mwizi wa mifugo tumewahi kumwombea, akaenda zake salama. Naona mikono yenu imeshaanza kuinuka.

Ishusheni. Yangu haiinuki. Ndugu Tilebaldi, utaondoka hivyo hivyo, bila baraka ya Kök-Bel, na ukiulizwa huko Bishkek kwa nini, waambie theluji ni maji tu.

Nawashukuru nyote kwa kunivumilia na kunisikiliza.