Nani Aliiuzia Shule Vitanda?

Benchi la muuza kahawa liko kati ya kibanda cha kinyozi na cha fundi viatu. Asubuhi hiyo Seremala alifika na barua ya wakili mkononi. Kitanda cha ghorofa alichoiuzia shule kilikatika, mwanafunzi akavunjika mkono, na wazazi wanadai fidia. Seremala alisajili kampuni mwaka juzi. Alichotaka kujua ni kama nyumba yake imo hatarini. Wajuzi walikuwa wawili: Kinyozi, na mzee tunayemwita Hakimu, tarishi mstaafu wa mahakama.

— Kalale, alisema Hakimu. Kampuni ni mtu kamili kisheria. Wamshtaki yeye.

— Huyo mtu ana mali gani? aliuliza Kinyozi.

— Randa mbili na msumeno wa umeme, Seremala alijibu.

— Basi watamruka, waje kwako. Andikisha nyumba kwa jina la shemeji yangu, mkeo, leo hii.

— Shemeji yako ni mkurugenzi mwenzangu kwenye kampuni.

— Lo. Basi mpe talaka kwanza, halafu umpe nyumba. Kesi ikiisha mnarudiana.

— Kamwambie wewe. Nakusubiri hapa na bendeji.

— Talaka ya nini? Hakimu alimkatiza. Kampuni ife. Tangazeni msiba, fungeni mlango. Umeona wapi maiti kizimbani?

— Na mkono wa yule mtoto? Seremala aliuliza.

Kinyozi alipuliza kahawa yake.

— Sikatai kulipa, Seremala aliendelea. Kitanda nimekipigilia mimi. Kampuni ilipe hata msumeno uende. Ila wanangu hawatalala nje.

Mama mmoja aliyekuwa akisubiri kiatu chake kishonwe aliweka kikombe chini.

— Samahani, baba. Risiti uliyowapa shule ina jina la nani?

Seremala alimtazama Hakimu. Hakimu alitazama kahawa yake.

— La kwangu. Kitabu cha risiti cha zamani kilikuwa kimebaki nusu. Niliona hasara kukitupa.

— Na hiyo kampuni haikutajwa popote?

— Haikutajwa.

— Basi shule ilinunua vitanda kwa nani?

Kinyozi alikumbuka ana mteja. Hakimu aliomba kahawa nyingine, akaambiwa birika limekauka.

Seremala alisimama, akaikunja barua.

— Nachukua cheti cha kampuni na kitabu cha risiti, naenda kutafuta wakili wangu. Ataanza na kile chenye jina langu.